Daftari Alilopewa Mjomba

Mahabusu, Morogoro
14 Juni 2024

Mjomba Mosi,

Shikamoo. Na mkaza mjomba nampa shikamoo yake, aipokee popote alipo jikoni. Mimi mzima, ukiacha kikohozi. Simu huku hatushiki, na barua inasomwa na afande kabla haijatoka. Mwache asome. Yeye na mimi tunakula ugali wa mwajiri mmoja, hata kama kwa sasa mwajiri amejifanya amenisahau.

Najua kijijini yanasemwa mengi, kwa hiyo nakuandikia yalivyokuwa. Jumamosi ya tarehe mosi Juni, Mtendaji wa Kata, Bwana Bonifasi, alituita ofisini mgambo wawili tuliokuwa zamu. Akasema kuna watu wenye silaha wametoka kusini wamejificha kwenye msitu wa hifadhi, juu ya Lugonza, twende tukawatazame, na tusivae sare wasije wakatujua mapema. Akafungua kabati la chuma akatoa bunduki moja. Mwenzangu aliyeichukua akasaini kwenye daftari la zamu. Mimi nikasaini kama kiongozi wa zamu. Bwana Bonifasi naye akasaini, akagonga na muhuri. Daftari hulala kwa kiongozi wa zamu, kwa hiyo tulipopita kwangu nikaliacha chini ya kitanda.

Saa nane mchana kungugu lilishateremka. Tukaona moshi. Nikasema subiri, na mwenzangu akapiga kabla sijaifikisha hiyo subiri. Alikuwa Mzee Abeid, anafukiza mizinga yake ya nyuki. Risasi imemwingia gotini. Mwenzangu akaitupa bunduki akashuka mbio. Mimi nikaivaa begani, maana ni mali ya serikali na jina langu limo daftarini, nikambeba Mzee Abeid mgongoni hadi zahanati. Polisi wakanikuta pale na damu na bunduki. Nikawaambia mimi mgambo, muulizeni Mtendaji. Wakampigia mbele yangu. Akasema hanijui.

Mjomba, nimefanya mgambo miaka miwili. Nimelala nje kwenye mvua kulinda iliki za watu. Siku tuliyohitimu yule mgeni rasmi alitushika mkono mmoja mmoja akatuambia sisi ndio serikali iliyo karibu na mwananchi, na Bwana Bonifasi alikuwa anapiga makofi kuliko wote. Sasa nimeshtakiwa kumiliki silaha bila kibali na kuwa katika kundi la wahalifu wenye silaha. Kundi lenyewe niko peke yangu.

Kitakachonitoa ni lile daftari. Nikiwa kituoni nilimwambia dada Mwanahawa alitoe chini ya kitanda changu alilete kwako. Yeye alitaka akae nalo mwenyewe. Nikamkatalia. Kitu kizito cha lukolo, cha ukoo wetu mzima, kinakaa kwa mjomba, ndivyo tulivyokuta na ndivyo tutakavyoacha. Na ni wewe uliyenipeleka mgambo, ukaniandikisha kwa jina la lukolo.

Naomba uje nalo mahakamani. Jina la aliyechukua bunduki unalijua, mimi sijalitaja wala sitalitaja. Lakini usihofu, daftari likionyesha tumetumwa, tunapona wote wawili. Atakayebanwa ni aliyetutuma.

Mpwa wako,
Luqmani


Lugonza
29 Juni 2024

Kwa mpwa wangu Luqmani,

Marahaba, na Mungu akupe afya. Barua yako imefika kwa mkono wa dereva wa gari la ndizi. Niliisoma, nikampa mkaza mjomba wako akasomewa, akalia. Hajala vizuri tangu siku ile.

Nimekusikia. Daftari alinikabidhi Mwanahawa mwenyewe, na hivi sasa liko mahali ambapo halitaguswa na mtu. Kwa hilo usiumize kichwa.

Lakini mwanangu, mimi nimekuwa mtu mzima katika milima hii, nimeona serikali ikija na ikiondoka, ikija kwa viatu na ikija kwa gari. Haishindwi kwa daftari. Mwenye nguvu mpishe. Bwana Bonifasi amekuja hapa mara mbili. Si mtu mbaya kama unavyomwona. Naye ana wakubwa zake, na wakubwa zake wanamuuliza alitoa wapi ruhusa ya kuwapeleka raia msituni na bunduki. Amenitazama usoni akaniambia, Mzee Mosi, kijana wako nitamsaidia, ila asinitaje.

Kwa hiyo nakusihi, kule mahakamani usilitaje daftari kwanza. Ukilitaja, watakuja kupekua, na watapekua nyumba za watu wengi. Acha nililee jambo hili taratibu. Hujawahi kunisikia nikikwambia neno likakupotosha, tangu mama yako alipofariki nikakuchukua.

Mjomba wako,
Mosi


Lugonza
13 Julai 2024

Kaka Luqmani,

Habari za huko usinijibu, nazijua. Umekonda, na unasema hujakonda.

Juzi kulikuwa na mkutano wa hadhara uwanja wa shule. Bwana Bonifasi alisimama na karatasi akasoma kwamba kikosi cha mgambo cha kata yetu kilivunjwa tangu mwezi wa nne, na mtu yeyote aliyeonekana na silaha baada ya hapo ni mhalifu, serikali haimtambui. Mwezi wa nne! Mwezi wa tano mwishoni uligonga mlango wangu na wenzako wawili kudai mchango wa darasa, mkaondoka na kuku wangu yule mwekundu. Alikuwa mgambo aliyemchukua kuku wangu, au alikuwa mhalifu? Nikainuka kuuliza hilo swali. Shukuru, yule mwenye genge la mboga, akanivuta gauni nikae.

Na nikwambie ukweli kwa sababu hakuna mwingine atakayekwambia. Watu walipiga makofi. Mmewakimbiza kwenye michango miaka miwili, mmewabebea majembe na vyungu. Waliposikia mmekanwa, walifurahi. Mimi nilikaa pale nimeshika tama, nikajiona nimezungukwa na watu niliokua nao na hakuna hata mmoja wa kuniunga mkono.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Twalibu. Wote tunajua ni Twalibu mtoto wa mjomba aliyekuwa na wewe siku ile, hata mbuzi wanajua. Wiki tatu hakutoka ndani, kisha ghafla ametoka, ananyoa nywele, anacheka. Mtu aliyempiga mzee risasi ya goti anacheka vipi kama hakuna aliyemwondolea hofu?

Nilikwenda kwa mjomba kuomba daftari niliazime tu, nitoe nakala pale stesheni. Akaniuliza tangu lini nimekuwa mkubwa wa lukolo. Nikamjibu kwamba lukolo linapitia kwa wanawake, watakaoirithi ardhi hii ni wanangu mimi na si wanawe. Akanyamaza. Hajawahi kuninyamazia mimi. Nimezoea anifokee.

Kaka, niandikie barua ya kunipa ruhusa, nimwonyeshe. Mjomba hanisikilizi mimi, ila neno lako atalisikia.

Dada yako,
Mwanahawa


Mahabusu, Morogoro
30 Julai 2024

Mwanahawa,

Barua yako imenichekesha na imeniudhi. Kuku nitakulipa, nimekiri. Ila ulivyomjibu mjomba si adabu, nenda kaombe radhi.

Umesahau tulivyolelewa. Kwa makabila mengine mtu akiambiwa achague kati ya mwana na mpwa, hana haja ya kufikiri. Kwetu Twalibu ni mtoto wa mjomba, anampenda, amemlea, lakini ni wa lukolo la mama yake. Akipata tatizo, wajomba zake wako ng'ambo ya mto, wao ndio wenye mtu. Mimi na wewe ndio damu ya Mosi. Akifa leo nitakayevaa kofia yake ni mimi. Sasa mtu atamtupa mrithi wake mtoni kwa sababu gani?

Wamekuja hapa wanafunzi wa sheria kutoka Mzumbe, wanatusaidia sisi tusio na mawakili. Mmoja anaitwa Shakila, binti mdogo, anaandika haraka sana. Nilimweleza yote isipokuwa jina. Akasema kesi yangu bila lile daftari ni neno langu dhidi ya neno la serikali, na likiwepo, upande wa mashtaka hauna pa kusimama. Akaniuliza liko wapi. Nikamwambia liko kwa mjomba wangu. Akauliza, huyo mjomba unamwamini? Nilimcheka, Mwanahawa. Nikamwambia yeye ni mtu wa mjini, hajui alichouliza.

Afande mmoja hapa, mtu wa Gairo, ananiita mwenzangu. Anasema naye alianzia mgambo. Neno hilo moja limenisaidia kulala.

Subiri kidogo. Mjomba analilea.

Kaka yako,
Luqmani


Lugonza
28 Agosti 2024

Mpwa wangu Luqmani,

Salamu zote. Kesi yako itasikilizwa tarehe kumi na mbili mwezi ujao, na kuna jambo nataka ulisikie kwangu mimi mwenyewe.

Nimekwenda na kurudi kwa Bwana Bonifasi mpaka viatu vimeisha. Mwisho wake tumefika mahali pazuri. Ameongea na anaowajua. Wanasema hivi: kesi ikiendelea, serikali haiwezi kukubali ishindwe na mgambo wake mbele ya watu, itakukamia mpaka mwisho. Lakini ukisimama ukakiri, hakuna tena wa kushindana naye. Hakimu atazingatia kwamba hukumsumbua mtu, kwamba ni kosa la kwanza, kwamba wewe ndiye uliyembeba majeruhi. Utapewa kifungo cha nje au miezi michache ambayo umeshaikaa karibu yote. Kabla ya mavuno ya iliki utakuwa nyumbani.

Nimekwenda pia kwa Mzee Abeid nikiwa na mbuzi, nikakaa chini kwenye vumbi mbele yake. Amesema amesamehe.

Najua hujafanya kosa. Mungu anajua, na mimi najua. Lakini neno la kukiri ni pumzi tu, linatoka linakwisha, na mtu anarudi kwao. Mimi nimezeeka, Luqmani. Nataka kukuona hapa. Usiwasikilize watoto wa shule wanaojifunzia kazi kwenye shingo yako. Nisikilize mimi niliyekulea.

Ukiulizwa, sema ni kweli. Usiongeze jina la mtu wala habari ya daftari.

Mjomba wako anayekuombea,
Mosi


Lugonza
5 Septemba 2024

Luqmani, usikiri.

Naanza na hilo ili hata kama afande atasoma mstari mmoja tu akakwambia kwa mdomo, liwe hilo. Usikiri. Najua mjomba amekuandikia ukiri. Mwambie yule binti wa Mzumbe asimame na wewe.

Daftari halipo. Leo nilikwenda kwa mjomba nikiwa na jirani yetu mama Eufrazia, nilimchukua awe shahidi, nikasema sitoki mpaka nilione. Mjomba akaniingiza chumbani akafungua sanduku. Ndani mna kanzu yake, hati za zamani, kofia ya mzee. Daftari hamna. Akasema labda panya. Daftari lenye jalada gumu, panya wakalila wakaacha kanzu?

Nikatoka nje nikamkuta mkaza mjomba anamenya ndizi. Sikumwuliza kitu. Yeye mwenyewe akasema bila kuniangalia, Mwanahawa, mimi ni mama yake Twalibu, Mungu anisamehe, lakini siwezi kukaa na jambo hili tumboni. Mjomba wako alimkabidhi Bwana Bonifasi hilo daftari siku ya gulio, tarehe ishirini Juni, kwa mikono miwili, mbele yangu. Likachomwa hapo hapo kwenye mafiga yangu.

Ishirini Juni, kaka. Wewe barua yako ya kwanza uliandika tarehe kumi na nne. Yeye amekujibu tarehe ishirini na tisa, barua uliyonionyesha nilipokuja kukuona, kwamba liko mahali ambapo halitaguswa. Kweli halikuguswa. Majivu nani atayagusa?

Na bado. Jumatatu imezinduliwa mgambo mpya hapa kata. Sare mpya, viatu vipya, Bwana Bonifasi katoa hotuba ile ile ya serikali iliyo karibu na mwananchi. Kiongozi wa zamu ni Twalibu. Amepewa daftari jipya.

Nilimrudia mjomba nikamwuliza kwa nini. Sikumfokea, nilishindwa. Aliniambia, Luqmani ana moyo mgumu atavumilia, Twalibu angekufa humo ndani. Ndivyo alivyosema. Alikupima wewe na mwanawe akaona wewe ndiye unayeweza kubeba, basi akakutwika.

Kikulacho ki nguoni mwako, kaka, na nguo yenyewe tulivishwa tukiwa watoto. Mimi nilikuwa na daftari mkononi. Nilitaka kukaa nalo. Nilikuwa nimeshalifunga kwenye kanga. Ukasema mpe mjomba, nikampa, na hilo sitalisahau mpaka nafukiwa.

Barua hii naipeleka mwenyewe hadi mjini kesho, nitaikabidhi getini. Wamesema siku ya kutembelea wafungwa ni baada ya tarehe kumi na tano, lakini barua inapokelewa siku yoyote. Nauli ya kurudi tena siku ya kesi sina, ndiyo maana naitegemea barua hii.

Usikiri.

Mwanahawa


Lugonza
20 Septemba 2024

Kwa mpwa wangu Luqmani,

Habari ya hukumu tumeipata. Sikuitarajia. Bwana Bonifasi naye anasema hakuitarajia, anasema hakimu ni mgeni na hakuzungumza naye mtu. Miaka kumi na mitano ni mingi, lakini Mungu ana njia zake, na mfungwa mwenye nidhamu hupunguziwa. Subira yavuta heri.

Nisikuache na mawazo ya nyumbani. Shamba lako la iliki na ile migomba ya bondeni haitakaa pori. Nimeona kwa muda huu Twalibu alime, maana ndiye kijana aliyepo, na amekubali. Ni kwa muda tu, mpaka urudi. Mwanahawa amekuwa na maneno makali, amewaita wanawake wa lukolo wakae kikao juu yangu, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mwandikie atulie. Wewe anakusikiliza.

Ukihitaji sabuni au dawa ya meno nijulishe.

Mjomba wako,
Mosi


Gerezani, Morogoro
27 Septemba 2024

Mosi,

Barua ya Mwanahawa ya tarehe tano nimekabidhiwa tarehe ishirini na nne. Afande aliyekuwa anasoma barua alikuwa likizo, zilirundikana mezani. Yule wa Gairo ndiye aliyeniletea, hakuniangalia usoni. Nikaisoma nimesimama, nikaikunja, nikaenda kwenye foleni ya uji. Nilikuwa na siku kumi na mbili za kifungo tayari.

Nimeuliza kuhusu rufaa. Wamenieleza kwamba mtu aliyekiri kwa kinywa chake hakati rufaa juu ya hatia, analalamikia adhabu tu, na adhabu yangu ni ile iliyoandikwa kwenye sheria. Shakila alikuja tena. Alisema atajaribu kuandika kitu, lakini hakuandika haraka kama siku zile.

Kwa Mwanahawa sitaandika atulie. Nimemwandikia aendelee na kikao, na kwamba mimi, kwa upande wangu, nimewapa wanawake wa lukolo neno langu: mwenye kutoa ardhi yetu kwa lukolo jingine asiitoe tena kwa jina letu. Watakavyoamua ni juu yao. Twalibu simchukii. Aliogopa. Mkaza mjomba umwambie nimesikia alichofanya, na namshukuru.

Bwana Bonifasi aliponikana pale zahanati niliumia, lakini niliumia kama mtu aliyepigwa na mgeni. Yule ni mtendaji, kesho atahamishwa kata nyingine, atawavalisha sare vijana wengine na kuwavua akitaka. Serikali ilinichukua kwa miaka miwili ikanitupa kwa simu moja, na ningeweza kuishi na hilo. Nilikuwa bado nina kwetu.

Nataka ujue ilivyokuwa mahakamani, maana hukuja. Karani alisoma shtaka. Shakila alikuwa ameketi nyuma, kabla sijapanda kizimbani alinishika mkono akaniambia usikiri, nakuomba, tutapata njia. Nyapara wa chumba chetu, aliyefungwa mara tatu na anayejua mahakama zote za hapa, aliniambia alfajiri ile ile, usikiri. Hakimu alipomaliza kusikia nikisema ni kweli, alivua miwani akanitazama. Akaniuliza kama nimelazimishwa na mtu. Nikasema hapana. Akaniuliza kama nimeelewa maana ya ninachokisema. Nikasema ndiyo. Akaniuliza mara ya tatu, kwa upole, kama kuna mtu yeyote ulimwenguni ningependa aitwe aje anisemee kabla hajaandika.

Nikawajibu wote jibu moja, Shakila na nyapara na hakimu: mjomba wangu amesema.

Luqmani